Mheshimiwa Nusu na Shemeji Yake

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana, kaskazini kabisa, mahali ambapo maji huganda hadi farasi hupita juu yake. Nataja umbali huo mapema ili msomaji asipoteze muda kutafuta humu mtu anayemjua. Ni nchi yenye maziwa mengi ya aina zote mbili, ya kuogelea na ya kunywa. Watu wake ni wakimya, wachapakazi, na wanapenda sana kupiga kura. Walikuwa wamepata uhuru juzijuzi, wakapigana wenyewe kwa wenyewe miezi michache ili kuusherehekea, kisha wakaamua kwamba tangu hapo watagombana ndani ya Bunge, ambako kuna joto.

Vyama vilikuwa sita. Kimoja kilitaka lugha ya mabwana wa zamani, kingine kilitaka lugha ya wananchi. Kulikuwa na chama cha wafanyakazi, na chama cha waliosema kwamba hicho cha kwanza hakiwapendi wafanyakazi vya kutosha. Hiki kilipigwa marufuku baada ya kila uchaguzi, na kabla ya uchaguzi uliofuata kikarudi na jina jingine. Kulikuwa na Chama cha Maendeleo, ambacho kilizidi kupungua kila mwaka. Na kulikuwa na chama chetu, Chama cha Wakulima. Kwa kuwa hakuna chama kilichoweza kutawala peke yake, na hakuna viwili vilivyoweza kukaa chumba kimoja, serikali zilianguka ovyo. Moja ilianguka kwa ajili ya ushuru wa siagi. Nyingine ilianguka kwa sababu waziri alimsalimia Rais kwa lugha isiyo yake. Mpiga picha wa serikali aliacha kuandika majina chini ya picha za mawaziri, akawa anaandika tarehe na saa.

Matokeo yake ni kwamba baada ya miaka kumi na miwili karibu kila mbunge alikuwa amewahi kuwa waziri. Waziri wa zamani aliendelea kuitwa waziri mpaka kaburini, na kanisani alikaa benchi la mbele. Baadhi ya makanisa yalilazimika kuongeza mabenchi ya mbele. Mbunge ambaye hajawahi kuteuliwa alitazamwa kama mtu mwenye ugonjwa ambao familia yake haiutaji jina.

Kwetu, katika jimbo la Ziwa Refu, mtu huyo alikuwa Taneli Korpi.

Mimi nilikuwa katibu wa tawi la chama, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyaona, na yale ambayo sikuyaona niliyaandika kwenye muhtasari. Taneli alikuwa mwembamba, mwenye miwani, mtu wa kusoma. Alisoma kila muswada, pamoja na viambatisho. Hakuoa, kwa sababu alisema ataoa akishakuwa waziri. Ndugu yake mmoja tu alikuwa dada yake Saimi, ambaye alikuwa ameolewa na Ilmari Vesa, na Ilmari huyo ndiye aliyekuwa mbunge wetu wa pili. Nasema wa pili, lakini kwa kweli alikuwa wa kwanza, na hapo ndipo penye taabu yote.

Sheria ya uchaguzi ya nchi ile ilitungwa na profesa, akaieleza Bungeni kwa saa tatu, wabunge wakaipitisha kwa sababu ya njaa. Karatasi ya kura ilikuwa na majina mawili. Mpiga kura alipoweka alama, jina la juu lilipata kura nzima, na la chini lilipata nusu. Kwenye orodha yetu, juu aliandikwa Ilmari, chini Taneli. Watu walidhani chama kilipima uwezo wao. Ukweli ni kwamba siku ya kuandika majina nilimwandika Ilmari kwanza kwa sababu farasi wake ndiye aliyefika kwanza, na katika chaguzi saba zilizofuata hakuna aliyetoa hoja ya kubadilisha. Kwa hiyo kila mkulima aliyetoka nyumbani kwake akatembea kwenye theluji kwenda kumpigia kura Taneli alimpa Taneli nusu na Ilmari nzima. Wapinzani wetu wakamwita Mheshimiwa Nusu. Baadaye na marafiki wakaanza kumwita hivyo, kwa upendo.

Ilmari hakuwa mtu mbaya, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi shemeji yake. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko kikubwa, hakuwahi kumaliza kusoma muswada hata mmoja, na kila waziri mkuu mpya alipotafuta mtu ambaye hakuna anayemchukia, alimkumbuka yeye. Alikuwa Waziri wa Kilimo, kisha wa Elimu, kisha wa Kilimo tena, kisha akawa waziri wa kitu ambacho mwenyewe hakukijua, maana serikali ilianguka kabla hajafungua barua. Taneli ndiye aliyemwandikia hotuba za bajeti. Ilmari alizisoma vizuri sana, akisita pale pale penye kufaa kusita.

Mara moja tu Taneli aliitwa. Simu ililetwa kituoni kwamba anatakiwa mji mkuu kuapishwa kuwa Waziri wa Reli. Alivaa koti lake jeusi, akapanda treni, safari ya saa tisa. Treni ilichelewa, kama treni zetu zilivyozoea, na alipofika kituo cha saba mkuu wa kituo akapanda kumwarifu kwamba serikali imekwisha kuanguka. Ilmari, ambaye alikuwa tayari mjini, alipewa wizara hiyo hiyo katika serikali iliyofuata, na treni ilipofika akaenda mwenyewe kumpokea shemeji yake kwenye behewa.

“Alinikumbatia,” Taneli aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeripoti wizi.

Basi yakatokea mambo ya Wazalendo. Hawa walikuwa wanaume waliovaa mashati ya kijivu, wakiongozwa na Kapteni Hako, muuza mbegu wa zamani. Alikuwa kapteni wa jeshi gani hatukupata kujua. Kapteni alisema kwamba taifa linaumwa Bunge, na kwamba dawa ni kuwachukua maadui wa taifa kwa motokaa, kuwapeleka mpaka wa mashariki, na kuwaamuru watembee kwenda nchi jirani, ambayo ilikuwa kubwa na haikutupenda. Walianza na madiwani wa chama cha wafanyakazi. Wengine walirudi wamevunjwa mbavu. Wawili hawakurudi. Mkuu wa polisi alitangaza kwamba vitendo hivyo vinafanywa na watu wasiojulikana, na siku iliyofuata aliwaazima watu hao gurudumu la akiba. Waziri aliahidi uchunguzi. Serikali ikaanguka, na iliyofuata ikaahidi kuchunguza kwa nini uchunguzi haukufanyika.

Siku moja Wazalendo walivunja mtambo wa gazeti la wafanyakazi, na Bunge likajadili kama huo ni uhalifu au ni hisia. Ilmari, ambaye alikuwa akisinzia, aliulizwa maoni yake. Akasema kwamba kama kuvunja mitambo ni uzalendo, basi ng'ombe wake mmoja ni shujaa wa taifa, maana amekwisha kuvunja mashine mbili za kukamulia. Bunge zima lilicheka. Kapteni Hako hakucheka. Siku nne baadaye Ilmari alikamatwa adhuhuri mbele ya kiwanda cha siagi, akasukumwa ndani ya motokaa ya kijivu, akapotea.

Saimi alikuja kwa kaka yake akikimbia, mikono imejaa unga. Sitaki msomaji amfikirie vibaya Taneli. Siku tatu zile hakula. Alipiga simu kwa kila mtu aliyewahi kuwa waziri, yaani alipiga simu nyingi sana, na nilimkuta kanisani peke yake, kwenye benchi la nyuma, analia.

Siku ya nne Ilmari alirudi juu ya mkokoteni wa mkulima, kiatu kimoja mguuni, jicho limevimba, anacheka. Walimwacha msituni kilomita mbili kabla ya mpaka kwa sababu mafuta ya gari yalikuwa yanakwisha. Watu walijaa njiani. Bendi ya kikosi cha zimamoto ilipiga wimbo wa taifa. Wanawake waligombania kumpa kiatu. Taneli alimkumbatia dada yake, akampigia makofi shemeji yake kama wengine, na mimi niliyesimama karibu naye niliona makofi yale yanapungua, yanapungua, mpaka mikono ikabaki imeshikana tu.

“Hata hili,” akasema.

Wiki iliyofuata serikali ilianguka na uchaguzi ukatangazwa. Ikadhihirika mara moja kwamba mgombea aliyepelekwa mpakani hashindiki. Wagombea wa vyama vyote walianza kutembea peke yao barabarani mchana kweupe. Mmoja alikaa juma zima kwenye njia panda na sanduku lake la nguo. Taneli hakuweza kujishusha hivyo. Yeye alifuata utaratibu: aliandika barua. Alimweleza Kapteni Hako kwamba yeye ni mbunge kwa miaka kumi na miwili, kwamba anapinga mengi, na kwamba anashangaa kutofikiriwa.

Jibu lilikuja likiwa na mhuri. Nilisomewa, na nikalinakili.

“Mheshimiwa, Makao Makuu ya Wazalendo yamepokea ombi lako na kulipa uzito unaostahili. Hotuba zako zote mia moja na kumi na nne zimesomwa na afisa wetu, ambaye sasa yuko mapumzikoni. Kwa masikitiko tunakuarifu kwamba hukutimiza vigezo. Hakuna neno hata moja ulilosema ambalo limemkasirisha mtu yeyote. Tunakutakia mafanikio katika shughuli nyingine za ujenzi wa taifa.”

Taneli alikunja barua, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akaomba karatasi.

Alijifungia majuma mawili. Nia yake, aliniambia waziwazi, ilikuwa kutunga hotuba ambayo itachukiwa. Alianza kwa matusi, akayafuta, kwa sababu matusi yalikuwa yamezoeleka Bungeni. Akajaribu uongo, na huo pia ulikuwa umezoeleka. Ikabidi aandike yale aliyoyaona. Na kadiri alivyoandika, akasema, alishangaa kugundua kwamba anayaamini.

Aliitoa siku ya mwisho ya kikao, saa nne asubuhi, nami nilikuwa juu kwenye viti vya wageni. Alisema kwamba wale madiwani wawili walikuwa na majina, akayataja, akataja na vijiji vyao na idadi ya watoto wao. Alisema kwamba watu wasiojulikana wanajulikana, akawataja mmoja mmoja, na kazi zao, na mahali wanapowekea gari. Kisha akawageukia wabunge.

“Tumekuwa mawaziri sisi sote,” alisema, na hapo sauti ilimkwama kidogo, “na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mkuu wa polisi gurudumu lake liko wapi. Mimi nami sikuuliza. Nilikuwa nasubiri simu.”

Hakuna aliyecheka wala aliyepiga makofi. Spika alitazama saa yake. Nilijua kwamba nimesikia hotuba kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa katika jumba lile, na nilijua pia kwamba Taneli hatapona nayo.

Gazeti lilitoka kesho yake. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba maneno hayo mazito yalitoka kwa Mheshimiwa wa Ziwa Refu, na mhariri, kwa kutaka kuwasaidia wasomaji, akaweka jina la Mheshimiwa wa Ziwa Refu aliyejulikana. Hotuba nzima ilichapwa ukurasa wa kwanza, pamoja na picha ya Ilmari na kiatu kimoja.

Sijawahi kumwona mtu akibadilika rangi vile. Taneli alinichukua kama shahidi, tukapanda treni, na asubuhi ya pili tulikuwa uani kwa Ilmari, Taneli ameshika gazeti. Ilmari alikiri mara moja kwamba ni makosa, akasema ameshatuma simu kwa mhariri, na mhariri amemsifu kwa unyenyekevu. Akasema pia, na alisema kwa dhati, kwamba hajawahi kusoma kitu kizuri kama kile.

“Ningetamani kiwe changu,” alisema.

Taneli alifungua kinywa kumjibu, na motokaa ya kijivu ikaingia uani.

Walishuka wanne, na Kapteni Hako wa tano. Kapteni alisema kwa utulivu kwamba safari hii hawataishia kabla ya mpaka. Watavuka. Akaongeza kwamba mafuta yapo ya kutosha. Ilmari hakucheka. Alikaa kwenye ngazi, akavaa buti zake zote mbili, akazifunga kamba kwa makini sana. Saimi alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mimi nilitazama chini. Msomaji anaweza kunilaumu, wengi wamenilaumu.

Wakamshika Ilmari mkono. Hapo Taneli akapiga hatua mbele.

“Hotuba ile ni yangu,” alisema.

Kapteni Hako alimtazama, akajaribu kumkumbuka. “Wewe ni yule tuliyemkataa.”

“Ni yangu. Niliiandika mimi na nikaitoa mimi.”

Mmoja wa wale wanaume alimwambia mzee akae pembeni. Taneli hakukaa pembeni. Alisimama mbele ya gari, akavua kofia, akaanza kuitoa hotuba yote kwa kichwa: majina ya madiwani, vijiji, watoto. Alipofika kwenye majina ya watu wasiojulikana aliwatazama walipo na kuwataja wakiwa wamesimama mbele yake, huyu seremala, huyu mwana wa mchungaji, huyu karani wa benki. Majirani walikuwa wamefika kwenye ua. Karani wa benki alianza kulia kwa hasira. Kabla Taneli hajafikia gurudumu, Kapteni alimpiga kofi, miwani ikaruka kwenye theluji, wakamtupa ndani ya gari.

Wengi wamesema baadaye kwamba ule ulikuwa ujasiri. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na niliuona uso wake vizuri. Ulikuwa wivu mtupu. Hakuweza kuvumilia Ilmari achukue hata hilo.

Walimvusha mpaka. Askari wa nchi jirani walimkuta ameketi kwenye kisiki, haoni vizuri, wakamfunga wakidhani ni jasusi. Waliomhoji walijua mambo yetu. Walimuuliza kama ni mbunge, akasema ndiyo. Wakamuuliza amewahi kuwa waziri wa nini. Akasema hajawahi kuwa waziri wa chochote. Hawakuamini, walipekua orodha zao za mawaziri wetu, ambazo zilijaza makabati mawili, wasilione jina lake. Wakaamua kwamba mtu huyu hana thamani kwa taifa lolote, na baada ya siku tisa wakamrudisha kwenye msitu ule ule. Mawaziri wa zamani waliovuka kabla yake bado wako huko. Alitembea siku mbili. Vidole viwili vya mguu wa kushoto viliuawa na baridi, vikabaki njiani.

Huku nyuma uchaguzi ulikuwa umefanyika. Magazeti yalikwisha kuandika kwamba Ilmari Vesa ametekwa mara ya pili. Ilmari alizunguka jimbo zima akisimama mbele za watu na kuwaambia kwamba hajatekwa, yuko hapa, aliyetekwa ni Taneli. Watu walimtazama akisema hayo, wakafuta machozi, wakasema hawajawahi kuona kiongozi asiyependa makuu kiasi hicho. Aliniomba nimwandike Taneli juu ya orodha. Nilimjibu kwamba karatasi zimekwisha kupigwa chapa, na ilikuwa kweli. Kura za Ziwa Refu zilivunja rekodi zote. Nusu yake tu ilitosha kumrudisha Taneli Bungeni, na nzima ilimfanya Ilmari Waziri wa Mambo ya Ndani.

Lazima niseme kwamba kama waziri alifanya jambo moja. Alimwita mkuu wa polisi akamuuliza kuhusu lile gurudumu. Kutoka gurudumu wakafika kwa gari, kutoka gari wakafika kwa Kapteni, na majira ya kuchipua majani yalipofika Wazalendo walikuwa mahakamani na mashati ya kawaida. Serikali ikaanguka siku ya arobaini.

Ripoti rasmi ya uchunguzi ilichapwa kwa lugha zote mbili. Taneli aliinunua siku ya kwanza, akaisoma pamoja na viambatisho. Katika kiambatisho cha orodha ya waliotekwa iliandikwa: Vesa, Ilmari, mara mbili. Akaenda mji mkuu kuomba sahihisho. Karani wa tume alimwelewa kabisa, akampa pole kwa ajili ya vidole vyake, akaeleza kwamba orodha imetokana na kumbukumbu za watekaji wenyewe, hivyo ili kuibadilisha inahitajika saini ya mtekaji. Taneli akaenda gerezani na fomu. Kapteni Hako aliisoma yote, akairudisha chini ya wavu bila saini. Alisema ana barua ya kuthibitisha kwamba ombi la Taneli lilikataliwa, na kwamba yeye si mtu wa kubadili maamuzi.

Tulirudi pamoja. Saimi alitupikia kahawa jikoni kwake. Ilmari alikuwa zizini na ng'ombe, tukimsikia anacheka na mtu. Taneli aliiweka ripoti mezani, imefunguliwa kwenye ukurasa ule, akaeleza kuhusu karani, kuhusu fomu, kuhusu tume ya rufaa anayokusudia kuiandikia. Saimi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaifunga ripoti, akaweka kikombe juu yake.

“Kaka,” alisema, “nilikuwa mlangoni. Wanangu wanajua baba yao yuko hai kwa sababu ya nani. Ilmari anajua, analisema kanisani mpaka watu wamemchoka. Majirani walikuwepo. Mimi nitajua mpaka nife. Sasa unataka nani mwingine ajue?”

Taneli alifikiri. Alilitafakari swali lile kama alivyotafakari miswada, kwa haki, akilipitia lote. Nje Ilmari alicheka tena.

“Gazeti,” akasema.

Saimi alicheka mpaka akalazimika kuweka birika chini na kushika meza. Taneli alimtazama kwa mshangao, kwa sababu hakuwa anatania. Baada ya kitambo, huku uso wake bado umekunjamana, naye akaanza kucheka.